Kiatu Kikunjike Pale Mguu Unapokunjika

Kwa wiki mbili za mwanzo wa mwaka huu wa masomo binti yangu, ambaye ndiyo kwanza ameingia darasa la kwanza, alikuwa akitoka nyumbani kila asubuhi amevaa viatu na kurudi mchana amevaa viatu, na mimi sikuwa na sababu ya kudhani kwamba baina ya mlango wetu na lango la skuli kulikuwa na jambo jingine lolote. Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima anayelima mpunga bondeni, ndiye aliyenisimamisha njiani akaniambia kwa upole: "Mwanangu, viatu vya mjukuu wangu vinamuumiza. Kila siku akiteremka kilima huvivua, akavishika mkononi, akavuka bonde na kupanda kule ng'ambo kwa miguu mitupu. Akikaribia lango ndipo huvivaa."

Jioni ile nilimkalisha barazani nikamvua soksi. Kisigino cha kulia kilikuwa kimechubuka juu ya chubuko jingine lililokuwa limeanza kupona, na ukucha wa kidole gumba ulikuwa umevilia damu pembeni. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, alinijibu kwamba viatu vilikuwa vipya na alichelea nisije nikasikitika. Jawabu lile halijanitoka moyoni, na ndiyo sababu ninaandika haya kwa ajili ya wazazi wenzangu wa Pemba na Unguja ambao kila unapokaribia Januari tunahangaika na sare, madaftari na viatu vyeusi, na ambao mara nyingi katika kununua viatu hutazama rangi, bei na uimara, lakini mguu wenyewe wa mtoto tukausahau.

Viatu vile vilinunuliwa katika soko la Darajani, Unguja. Kaka yangu anaishi Unguja, nami, kama walivyozoea watu wengi wa kisiwani kwetu, nilikata chelewa, kile kijiti cha ukuti wa mnazi, kwa urefu wa unyayo wa mtoto, nikaizungushia karatasi na kumpa msafiri wa meli aifikishe. Mama yangu alitupimia hivyo hivyo tulipokuwa wadogo, na bibi yangu alimpimia yeye. Siidharau njia hiyo, kwa sababu chelewa haivutiki kama uzi wala haipotoki njiani. Lakini chelewa inajua urefu peke yake. Haijui upana wa mguu penye shina la vidole, haijui kimo cha mguu kwa juu, wala haijui kwamba mguu mmoja wa mtoto unaweza kuwa mrefu kuliko mwenziwe, jambo ambalo limo kwa watu wengi wakubwa na wadogo. Tena nilimpima mtoto akiwa amekaa, mguu unaning'inia, ilhali mtu akisimama na uzito wake ukateremka, unyayo hutanuka na kurefuka. Kaka alifanya kila alichoombwa kwa uaminifu: chelewa iliingia ndani ya kiatu na nafasi ikabaki. Viatu vilipofika vilikuwa vyeusi, vinang'aa, soli yake nene, na vizito mkononi, na sote nyumbani tuliuona uzito ule kuwa ni alama ya ubora.

Aliyenifumbua macho ni fundi viatu mmoja wa Chake Chake, mzee ambaye hukaa na vifaa vyake karibu na soko. Nilimpelekea viatu nikitaka avitanue kwa nyuma, maana niliona chubuko la kisigino nikaamini kwamba kisigino ndicho kinachobanwa. Hakuvitanua. Alishika nyuma ya kiatu kwa mkono mmoja na ncha yake kwa mkono wa pili, akasukuma, na soli haikusogea. Akaongeza nguvu, nayo ikakunjika katikati kabisa, mahali ambapo juu yake hukaa upinde wa unyayo. Akaniambia: "Mama, mguu wa binadamu haukunjiki hapa. Hebu vua ndara zako, utembee hatua tatu, uutazame."

Nilitembea mbele yake pale pale, na nikaona jambo ambalo nimelifanya maisha yangu yote bila ya kulitia akilini. Kila mguu wa nyuma ulipotaka kuondoka chini, kisigino ndicho kilichotangulia kuinuka, uzito wote ukabaki mbele, na mguu ukakunjika kwenye shina la vidole, si kwengine. "Sasa kiatu kikikataa kukunjika hapo," akasema mzee, "kisigino cha mtoto huinuka na kiatu hubaki chini. Hapo ndipo ngozi inapokwanguliwa. Ukikitanua nyuma, utamzidishia." Nilimshukuru sana, na njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nikifikiri kwamba kama si mzee yule ningelipa fedha ili kumuongezea mwanangu maumivu.

Tangu siku hiyo nimesoma kadiri nilivyoweza kuhusu mguu wa mtoto, na yapo mambo machache ambayo naona kila mzazi angepaswa kuyajua kabla ya kuingia dukani. Mguu wa mtu mzima, kuanzia kifundo kwenda chini, una mifupa 26, kwa hiyo miguu yetu miwili ina mifupa 52 katika jumla ya 206 ya mwili mzima, yaani robo ya mifupa yetu yote imekusanywa mahali hapo padogo. Mtoto wa miaka sita bado hajaikamilisha mifupa hiyo. Sehemu yake ingali ni gegedu, ile nyama ngumu inayopindika kama ya sikio au ncha ya pua, na kukomaa kwake kuwa mfupa kamili huendelea mpaka katika umri wa ujana. Hili lina hatari ambayo sikuitambua: gegedu hukubali kusukumwa. Mguu wa mtu mzima ukiingizwa katika kiatu kinachobana hulalamika papo hapo, lakini mguu wa mtoto mdogo unaweza kujikunja na kujibana ukakifuata kiatu, na mwenyewe akakwambia kwa dhati kwamba kinamtosha. Basi kumuuliza mtoto "Kinakubana?" ni jambo jema, lakini jawabu lake halitoshi kuwa ushahidi.

Jambo la pili linahusu unyayo bapa. Wazazi wengi, nami nikiwemo, humwona mtoto wao amekanyaga sakafu yenye maji na alama yake ikatoka nzima bila ya pengo la upinde, wakaingiwa na wasiwasi na kuanza kutafuta viatu vigumu vyenye kinundu ndani "vimnyooshe" mguu. Kwa mtoto mdogo hali hiyo ni ya kawaida. Chini ya upinde wake mna tabaka la mafuta linaloujaza, na upinde huonekana polepole kadiri anavyokua. Mwambie asimame kwa ncha za vidole: upinde ukijitokeza, mguu unafanya kazi yake. Anayestahili kupelekwa hospitali ni mtoto ambaye miguu inamuuma, au haipindiki, au mguu mmoja umekuwa tofauti kabisa na wa pili.

Katika jambo hili, sisi wa visiwani tuna hazina ambayo hatuithamini: watoto wetu hucheza pekupeku. Mwaka 1992 wataalamu wawili wa India, Rao na Joseph, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa nyayo za watoto 2,300 wenye umri wa miaka minne hadi kumi na mitatu. Miongoni mwa waliokuwa wakivaa viatu, asilimia 8.6 walikuwa na unyayo bapa, na miongoni mwa wasiovaa walikuwa asilimia 2.8 tu, tena waliovaa viatu vilivyofunika vidole walikuwa na hali hiyo zaidi kuliko waliovaa ndara au makubadhi. Uchunguzi mmoja haumalizi maneno, lakini kwangu mimi ulitosha kunifanya nimtazame kwa jicho jingine binti yangu anapokimbia pekupeku uani, anapopanda mwembe, au anapocheza ufukweni maji yakitoka. Mguu ule unajijenga. Hata desturi yetu ya kuvua viatu mlangoni, kwenye chuo cha Kurani na msikitini ni mapumziko ambayo mguu wa mtoto hupata mara kadhaa kila siku.

Simaanishi hata kidogo kwamba mtoto aende skuli bila ya viatu. Njia zetu zina miba, vipande vya chupa na misumari, na udongo wetu wenye unyevu, hasa katika masika, una minyoo ya safura, ambayo viluwiluwi vyake hupenya katika ngozi ya mguu mtupu. Kiatu kinahitajika kwa ajili ya kinga. Ninachosema ni kwamba kazi yake iishie kwenye kukinga, na mengine kiuachie mguu wenyewe ufanye. Kiatu cha skuli cha mtoto mdogo kinapaswa kukaribia kadiri iwezekanavyo hali ya kwenda pekupeku: kiwe chepesi, soli yake iwe nyembamba ya mpira unaokubali kukunjika mbele, na vidole viwe na nafasi ya kutanuka.

Jumamosi iliyofuata nilimchukua mwenyewe tukapanda gari kwenda Chake. Tuliondoka baada ya adhuhuri kwa makusudi, kwa sababu mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyosonga, na kiatu kilichotosha asubuhi kinaweza kubana mchana. Nilimvalisha soksi zile zile za skuli, nikahakikisha kwamba soksi nazo hazimbani, kwani soksi iliyorudi baada ya kufuliwa inaweza kuvikunja vidole vidogo sawasawa na kiatu kifupi. Na kabla ya kuondoka nilikuwa nimemsimamisha juu ya kipande cha boksi, uzito wake umekaa miguu yote miwili, nikazungusha penseli iliyosimama wima kuufuata kila mguu. Wa kushoto ulikuwa na sentimita 17.6 na wa kulia 17.9. Ninapima kutoka kisigino mpaka ncha ya kidole kilicho kirefu kuliko vyote, ambacho kwa watoto wengine si kidole gumba bali ni cha pili.

Mwenye duka la kwanza aliniuliza swali ambalo sote tunaulizwa: "Anavaa namba ngapi?" Nimejifunza kutolitegemea swali hilo. Namba tunazoziona zaidi kwenye viatu, za 27, 28 na 29, zinafuata kipimo cha Ulaya ambacho kila namba moja ni theluthi mbili za sentimita, karibu milimita saba. Viatu vingine vina namba za Kiingereza, ambazo kila moja ni theluthi ya inchi, yaani milimita nane na nusu hivi, na ambazo kwa watoto hufika 13 kisha zikaanza tena 1, ndipo mzazi akachanganyikiwa. Ukitaka kukisia namba ya Ulaya, chukua urefu wa mguu mrefu zaidi, ongeza wanda mmoja, kiasi cha sentimita 1.2, kisha zidisha kwa moja na nusu. Kwa binti yangu ilikuwa 17.9 na 1.2, jumla 19.1, na jawabu ni kidogo chini ya 29. Hata hivyo namba 29 ya kiwanda kimoja hailingani na ya kingine, kwa hiyo hesabu hiyo hukupeleka kwenye rafu sahihi tu.

Kinachokata shauri ni boksi lenyewe. Nyumbani nilikuwa nimeukata ule mchoro wa mguu kwa mkasi, na dukani nikawa ninaingiza kipande hicho ndani ya kila kiatu. Kikikaa kimelala na mbele kikabakisha wanda mmoja, kiatu kinastahili kujaribiwa. Kingo zake zikijikunja juu, kiatu ni chembamba, hata kama urefu wake unafaa. Kwa wale ambao, kama mimi, hununuliwa viatu na ndugu aliye Unguja au Dar es Salaam, ningewaomba waiache chelewa kwa ajili ya fagio na badala yake wapeleke kipande cha boksi kilichokatwa kwa umbo la mguu mzima, wa kulia na wa kushoto, mtoto akiwa amesimama. Kinaingia katika bahasha kama barua, na kinamwambia mnunuzi mengi ambayo chelewa haiwezi kumwambia. Na kama kitambaa au sponji ya ndani ya kiatu inatoka, itoe, iweke chini, umsimamishe mtoto juu yake. Utaona kwa macho yako mguu unamalizikia wapi.

Baada ya hapo nilifanya kama alivyofanya mzee fundi. Kila kiatu nilikishika nyuma na mbele nikakisukuma. Viatu vingi vilivyokuwa vimepangwa mbele ya duka, vyenye kung'aa kuliko vingine, havikukunjika kabisa au vilikunjika katikati. Vichache vilikunjika mahali panapotakiwa, theluthi ya mbele. Hapo ni lazima niseme kwamba ulaini una mpaka wake, na hili nilikaribia kulikosea, kwani baada ya masaibu yale nilikuwa tayari kuchukua chochote kilicho laini. Kiatu kinachojikunja popote na kuweza kukamuliwa kama kitambaa cha kufanyia usafi hakimshiki mtoto anayetembea katika njia yenye mawe. Sehemu ya nyuma inayokumbatia kisigino inatakiwa iwe ngumu kiasi, ukiibonyeza kwa vidole viwili isinywee, ili kisigino kikae mahali pake. Ulaini uwe mbele. Niliingiza pia mkono ndani na kupapasa kote, kwa sababu mshono mnene au ncha ya uzi ambayo jicho halioni, mguu utaisikia kila hatua.

Muuzaji, ambaye alikuwa mvumilivu kwetu, alinitahadharisha: "Dada, hicho laini hakitafika hata mwezi wa sita." Huenda ni kweli. Lakini hata mguu wa mwanangu hautakuwa ule ule mwezi wa sita.

Kuhusu kufunga, nilikuwa nikipendelea viatu vya kamba kwa kuwa vinakaza vizuri na vinapendeza, lakini mtoto wa miaka sita wa kisiwani kwetu huvua na kuvaa viatu mara nyingi kwa siku: nyumbani, chuoni alasiri, kwa bibi yake, kwa jirani. Asiyeweza kufunga kamba mwenyewe hufanya jambo moja, naye hufanya bila ya kumwambia mtu: hukanyaga nyuma ya kiatu mpaka kikalala, na tangu hapo kiatu kinakuwa ndara iliyofunikwa mbele. Kwa hiyo nilichagua chenye mkanda wa kunata unaopita juu ya mguu. Chenye bizimu pia ni kizuri ikiwa vidole vya mtoto vinaiweza. Mkanda wa kunata hushika mchanga na nyuzi ukaacha kunata. Nausafisha kila wiki kwa mswaki mkuukuu na unarudi kama ulivyokuwa.

Mkanda huo una kazi nyingine ambayo katika nchi tambarare pengine haionekani sana, lakini Pemba ni vilima na mabonde. Mtoto anayeteremka kilima, uzito wake husukuma mguu mbele ndani ya kiatu, na kama hakuna kitu cha kuuzuia kwa juu, vidole hugonga ukuta wa mbele hatua baada ya hatua. Ule ukucha uliovilia damu ulitokana na mteremko wetu. Viatu vile vya mwanzo vilikuwa vya kutumbukiza tu, bila ya mkanda. Na hili linaeleza kwa nini jirani yetu alimwona akivivua kila mara katika kuteremka, si katika kupanda. Kwa hiyo nilipomjaribisha dukani sikutosheka na kumtembeza sakafuni. Nilimwomba muuzaji ruhusa, nikampandisha na kumteremsha ngazi za mlangoni mara tatu, kisha nikabonyeza mbele kuona vidole vimefika wapi. Wanda ulikuwa bado upo. Nikavinunua.

Mama yangu hakuridhika. Alipoviona alivigeuzageuza mkononi, akauliza kwa nini sikuchukua namba mbili zaidi ili mtoto akue navyo mpaka darasa la pili, na mbele nikajazia pamba. Ninamheshimu mama yangu, na ninajua hoja yake imetoka wapi: alitulea watoto sita kwa karafuu na mpunga, na katika nyumba ile kiatu kilikuwa ni mali ambayo lazima imfae zaidi ya mtoto mmoja. Sikubishana naye. Nilimvalisha mjukuu wake viatu vya binamu yake vilivyomzidi namba mbili, nikamwomba bibi amtazame akitembea kutoka kisimani mpaka mlangoni. Mtoto alikuwa akivikunja vidole ili avishike viatu visimtoke, magoti yake yakiinuka kama anayetembea ndani ya maji, na mara mbili ncha ya kiatu ilijikwaa kwenye udongo ulio sawa. Kiatu kirefu kupita kiasi kina kasoro ya kiatu kigumu, hata kama soli yake ni laini, kwa sababu mahali palipotengenezwa pakunjike pamesogea mbele ya vidole, na shina la vidole limeangukia pale kiatu kilipo kigumu. Pamba haibadilishi hilo. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mvalishe vyake."

Gharama ni jambo ambalo sitaki kulipita kama kwamba halipo. Mguu wa mtoto wa umri huu hukua karibu milimita moja kila mwezi, kwa hiyo ule wanda wa akiba huanza kuwa mdogo mno baada ya miezi sita au saba, na kwa hesabu hiyo mzazi anahitaji kununua mara mbili kwa mwaka. Kwa mwenye watoto wanne huo ni mzigo. Rai yangu, ambayo nimeifikia baada ya kuipima kwa fedha zangu mwenyewe, ni kwamba jozi mbili za bei ya chini zenye soli inayokunjika zina faida kwa mtoto kuliko jozi moja ya bei kubwa iliyo ngumu na inayompwaya. Mtumba nao hauna aibu, ilimradi kiatu kiwe kimevaliwa kidogo: kiweke mezani ukitazame kwa nyuma, na kama soli imelika upande mmoja au ndani mna shimo la kidole cha mtoto mwingine, kiache, maana kimekwisha kuchukua umbo la mguu wa mwenyewe wa kwanza.

Masika yalipoanza nilijaribiwa kununua viatu vya plastiki ambavyo tope jekundu huoshwa kwa kata moja ya maji. Watoto wengi wanavyo, na kwa siku ya mvua kubwa ninaelewa. Lakini havipitishi hewa, mguu hushinda ndani ya jasho tangu asubuhi mpaka mchana, na baina ya vidole hulowa na kuota fangasi. Tena vingi miongoni mwake havikunjiki sawasawa. Viatu vya binti yangu vikilowa, ninatoa sponji ya ndani, ninavijaza magazeti makavu, na kuviacha barazani penye upepo. Siviweki juani wala karibu na jiko la makaa, kwani ngozi hukakamaa na gundi huachia, na kiatu kilichokuwa laini hurudi kuwa kama ubao.

Mwezi wa nne soli ya kulia ilianza kuachia mbele, nami nikarudi kwa mzee wangu fundi. Kijana aliyekuwa akijifunza kwake alipendekeza abandike soli mpya ya tairi, ambayo kwa kweli haimaliziki. Mzee alimkatiza: ya tairi kwa mtu mzima anayekwenda shamba, ya mtoto ishonwe pembeni kwa uzi, ibaki hiyo hiyo nyembamba. Akaishona palepale, akakikunja kiatu mara mbili tatu kuhakikisha kwamba mshono haukukikaza, akanirudishia.

Lile boksi la Januari bado ninalo, nimeliegemeza nyuma ya kabati. Kila baada ya miezi mitatu binti yangu husimama juu yake na mimi huzungusha penseli ya rangi nyingine, tukaandika tarehe pembeni. Juzi mstari wa tatu umeupita wa kwanza kwa milimita saba, na nilipobonyeza mbele ya kiatu nilikuta wanda wa akiba umebaki nusu. Jumamosi ijayo, baada ya adhuhuri, tutapanda gari tena kwenda Chake, mimi na yeye, na soksi zake za skuli mfukoni.